Google Haiji DM

Mpira wa mlango wa friji ni kitu ambacho hukifikirii mpaka siku unapokuta maziwa yamechacha ndani ya friji inayounguruma. Wangu ulichanika mwezi uliopita. Nikaanza kwa kuuliza kwenye grupu la WhatsApp la mtaani. Wakanijibu watu watatu, na wawili kati yao wakanishauri ninunue friji mpya. Basi nikafungua simu nikaandika Google maneno manne tu: mpira wa friji Dar.

Juu kabisa sikuona duka kubwa la vifaa vya umeme, wala tovuti ya kampuni yoyote. Niliona picha ya Instagram ya fundi mmoja wa Mwananyamala: friji imelazwa sakafuni, mwanga hafifu, mguu wa mtu umeingia pembeni ya picha. Lakini chini ya picha hiyo jamaa ameandika kama anayetoa maelezo polisi. "Tunabadilisha mpira wa mlango wa friji, friji za aina zote, mlango mmoja na milango miwili. Bei inaanzia elfu 35 pamoja na ufundi. Tunakuja nyumbani. Mwananyamala, Kinondoni, Sinza." Mwisho kaweka namba ya simu. Wafuasi wake hawafiki mia tatu.

Lipo duka ambalo nimekuwa nikilifuata kwa miaka, wafuasi wake wamepita laki moja, na najua fika kwamba mipira hiyo wanayo. Halikutokea. Nikaenda mwenyewe kwenye ukurasa wao, nikashuka chini, nikashuka tena, mpaka nikaukuta mpira wangu kwenye picha safi yenye mandhari meupe. Maelezo yake yalikuwa haya: "Mzigo mpya umeingia, wahi sasa! Bei njoo DM." Nikaenda DM. Mpaka leo sijajibiwa.

Kisa ni kidogo, lakini ndani yake kuna badiliko ambalo wafanyabiashara wetu wengi wamelipita kama wanavyopita bango la serikali za mitaa. Tarehe 10 Julai 2025, Instagram iliruhusu picha na video za wazi za akaunti za kibiashara na za watayarishaji maudhui, ikiwa mwenye akaunti ametimiza miaka 18, zionekane kwenye Google na mitambo mingine ya kutafutia. Zamani ungeweza kuuona ukurasa wa mtu kwa jina lake, lakini posti moja moja kwa sehemu kubwa zilikuwa bidhaa zilizofungiwa ndani, uzione ukishaingia na akaunti yako. Kwenye mipangilio ya faragha kipo kitufe cha kuzima jambo hili. Sijakutana bado na muuzaji aliyekigusa, na wengi niliowauliza hawakujua kama kipo.

Mitandao mingine ilishafika huko. YouTube ni mtoto wa nyumbani, Google iliinunua mwaka 2006 kwa dola bilioni 1.65, na video zake zimekaa sebuleni tangu hapo. Kurasa za Facebook na video za TikTok nazo hutafutika. Iliyokuwa imebaki nje ni Instagram, na kwa Tanzania hiyo ndiyo Kariakoo ya pili. Duka la mtandaoni la Jumia lilipofunga shughuli zake nchini Novemba 2019 sikusikia maombolezo mitaani, maana watu walikuwa wameshazoea duka la aina nyingine kabisa: picha, DM, muamala wa simu, bodaboda mlangoni. Duka hilo ndilo sasa limetobolewa mlango wa pili. Na wanaoingia kwa mlango huo si watu wale wale.

Hapo ndipo penye uzito, na hapo nataka nikae.

Nisiwe mwepesi wa kuwacheka wanaoandika "bei njoo DM". Ni maneno matatu yenye akili nyingi ndani yake. Kwanza, bei kwetu ni mazungumzo. Muuzaji anataka akusikie kwanza, ajue unauliza ukiwa Masaki au Mbagala, unataka kimoja au dazeni, leo au mwisho wa mwezi. Pili, kuna jirani. Ukiandika elfu 45, mwenye fremu ya pili ataandika elfu 43 kabla hujamaliza chai. Tatu, kuna watu wa kodi, na hofu hiyo si ya kufikirika. Wafanyabiashara wa Kariakoo waligoma Mei 2023, wakafunga tena maduka Juni 2024, na mara zote mbili kilio cha kodi kilikuwa mbele. Mtu aliyefunga duka kwa sababu hiyo hakimbilii kubandika bei zake hadharani. Nne, na hii ndiyo wanayofundishana wenyewe kwa wenyewe: ukificha bei, watu watajaa kwenye komenti kuuliza "bei?", na kila komenti inaufanya mtandao uidhanie posti yako kuwa moto, uisukume kwa watu wengine zaidi. Kuficha bei kulikuwa njia ya kujitangaza bila kulipa.

Yote hayo ni kweli. Lakini angalia mahesabu yote manne yanamfikiria mteja wa namna gani. Yanamfikiria mpita njia. Mtu amelala kitandani saa nne usiku, anapandisha kidole juu, anakutana na viatu ambavyo hakuwa na mpango navyo. Huyo unahitaji kumshtua, umwite, umvute mkono, kama wapiga debe wa daladala wanavyokuvuta shati hata kama safari yako ni ya kwenda kwa miguu. Kelele ni kazi halali kwa mpita njia.

Anayetafuta ni mtu mwingine kabisa. Hahitaji kushtuliwa, kwani maziwa yake yameshachacha. Ameshaamua kununua, mara nyingi ameshaitenga hela, na kilichobaki ni maswali matatu au manne: kipo? Wapi? Kiasi gani? Kinafika kwangu? Atakayemjibu mapema ndiye atakayepigiwa simu. Na kati yako na mteja huyu kuna mjumbe mmoja, mtambo wa kutafutia, ambaye hana tabia ya kuuliza. Google haiji DM. Haibembelezi, haisemi "kaka naomba bei ya mwisho". Inasoma ulichoandika na kuondoka. Ukiwa hujaandika jina la kitu, hujaandika mahali, hujaandika bei, umeiachia mandhari meupe na neno "mzigo".

Najua mtu atasema siku hizi mashine zinatambua vilivyomo kwenye picha na kusoma hata maandishi ya kwenye mabango yale ya Canva. Ni kweli, zinajitahidi. Lakini picha za friji ziko mamilioni, na mashine inayochagua kati ya picha inayokisiwa na sentensi iliyo wazi haina sababu ya kujitesa. Kuhusu wafuasi, aliyekuwa msemaji wa mambo haya ndani ya Google, Matt Cutts, alieleza Januari 2014 kwamba kurasa za Facebook na Twitter zinachukuliwa kama kurasa nyingine zozote, na kwamba idadi ya wafuasi au "like" haikuwa kipimo walichokitumia kupanga matokeo. Kauli hiyo imezeeka, na siwezi kuapa kwamba hakuna kilichoguswa tangu hapo. Lakini fundi mwenye wafuasi wasiofika mia tatu amempita mwenye laki, na nimeliona kwa macho yangu.

Turudi kwenye yale maneno ya fundi, "bei inaanzia elfu 35". Neno "inaanzia" limebeba mzigo mzito. Limempa Google tarakimu ya kusoma, limempa mteja kipimo cha mfuko wake, na bado limeacha nafasi ya kupatana. Jirani akitaka kushindana na neno "inaanzia", ashindane. Wenye hofu ya bei wangeanzia hapo.

Waliolielewa jambo hili kabla yetu sote ni madalali wa nyumba, na wala hawakufundishwa na mtaalamu wa masoko. Soma tangazo lolote la dalali wa Dar: "Nyumba inapangishwa Kimara Temboni, vyumba viwili, kimoja masta, sebule, jiko, luku yake, maji ya Dawasa, ndani ya fensi, dakika tano kutoka kituoni kwa miguu. Kodi laki mbili na nusu, malipo miezi sita." Hakuna sifa, hakuna moto, hakuna "wahi". Ni majibu matupu. Dalali anaandika hivyo kwa sababu ya tumbo lake. Ujira wake unatoka kwa mtu atakayepanga kweli, na kila asiyeweza laki mbili na nusu anayekwenda kuonyeshwa nyumba ni nauli na muda uliopotea. Anaandika kila kitu ili awapunguze wanaopiga. Bila kukusudia, ameandika kile kile ambacho mtu wa Kimara, au wa Bukoba anayehamishiwa Dar kikazi, atakiandika kwenye kisanduku cha kutafutia.

Madalali hao hao, hata hivyo, wametuonyesha na ubovu wa mlango huu mpya. Nyumba ya Kimara ilishachukuliwa siku nyingi. Tangazo bado lipo. Kwenye mtiririko wa kawaida wa Instagram posti ya juzi imeshazama. Muuzaji wetu amezoea hivyo, anaposti asubuhi akijua jioni imekufa, kesho ataposti nyingine. Kwenye utafutaji posti haizami, inaelea. Ofa ya Sabasaba ya miaka miwili iliyopita inaweza kumfikia mtu leo, naye akaja dukani na picha ya skrini akidai mafuta ya kupikia kwa bei ya wakati ule. Utamweleza nini? Ni wewe uliyeandika. Wapo madalali wanaoyaacha matangazo mafu makusudi kama chambo, ukipiga simu wanakwambia "hiyo imeshachukuliwa, ila nina nyingine". Mimi huyo simpigii mara ya pili. Mwenye duka anayejali jina lake sasa amepata kazi ambayo hakuwa nayo: kufagia posti za zamani, kuhariri bei, kuandika "imeisha" juu ya kilichoisha. Ni kazi ya kuchosha isiyo na "like" hata moja.

Kwa upande wa faida, kuelea huko huko ndiko kunakobadilisha hesabu za matangazo. Anayesponsa posti kwa elfu 50 ananunua siku chache za macho ya watu, na hela ikiisha, macho yameisha. Ni bango la barabarani lililokodiwa kwa wiki. Posti iliyoandikwa ikajibu swali la mtu ni kibao cha fundi kilichopigwa misumari ukutani: hakipendezi, lakini kipo, na anayekihitaji atakiona. Sisemi watu waache kusponsa. Kitenge kipya, keki, tamasha, vitu ambavyo mtu hajui kama anavitaka mpaka avione, bila mabango vitadorora. Lakini mtu anayeuza betri za sola, anayezibua choo, anayetengeneza meno au anayekodisha mahema na viti vya msiba, huyo anapolipia macho ya wapita njia kila wiki ananunua kuni huku mti umeangukia uani kwake.

Kuna suala la maneno, na hapa ndipo Kiswahili chenyewe kinapoingia sokoni. Hakuna binadamu aliyewahi kutafuta "mzigo mpya umeingia". Hakuna anayetafuta "bei ya kutupa" wala "pisi kali". Wanatafuta "viatu vya shule vya kiume", "magauni ya kitchen party", "bei ya bati geji 28". Wapo pia wanaokosea kwa kupanda juu mno. Duka linaandika "jokofu" kwa sababu limeona ndiyo Kiswahili fasaha, wakati nchi nzima inaandika "friji". Wanaandika "tarakilishi mpakato", mteja ameandika "laptop". Heshima kwa wasanifu wa lugha, ila mtafutaji anaandika kama anavyosema nyumbani kwake. Wengine wanaandika Kiingereza kitupu, "available in all sizes", wakati mteja wao wa Morogoro anatafuta "saizi 42". Nairobi mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa mtu wa huko hutafuta kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili na Sheng, na muuzaji wa Gikomba akiandika Kiingereza hajapotea njia. Kila soko na ulimi wake.

Halafu kuna zile alama za reli (#). Mtu anauza mashuka ya Kigoma, chini anaweka Diamond, Zuchu, Simba, Yanga na jina la kila msanii aliyetoa wimbo wiki hiyo. Au anakwenda chini ya posti ya msanii mwenyewe, kwenye taarifa ya msiba kabisa, anaandika "karibuni kwa mashuka ya pamba, tunatuma mikoani". Nimeona tangazo la dawa ya nguvu za kiume chini ya rambirambi. Ni mbinu ya mpiga debe, inamfikisha mtu pale penye umati. Kwa mtafutaji haina maana yoyote. Anayetafuta Yanga anataka matokeo ya mechi, na anayetafuta mashuka hajaandika Yanga.

Kiswahili kina jambo lingine linalokifanya kiwe tofauti na Kiingereza kwenye uwanja huu. Kurasa za Kiswahili zinazoeleza bidhaa na huduma kwa undani ni chache. Anayetafuta kwa Kiingereza fundi wa friji wa London anakutana na kampuni zilizoajiri watu wa kupigania nafasi ya kwanza. Kwa Kiswahili, kwenye mada nyingi, nafasi ya kwanza iko wazi kama kiti cha mbele kanisani. Ndiyo maana posti moja ya fundi inatosha. Na si kwa wa hapa tu. Mswahili wa Muscat au wa Minnesota anayejenga nyumba ya mama yake Tanga hawezi kupita mtaani akaulizia fundi wa gypsum. Yeye tangu zamani ni mtafutaji, ana hela, na anaogopa kutapeliwa.

Neno hilo la mwisho linatupeleka upande ambao wenye biashara hawaupendi. Mlango huu mpya hauwaingizi wateja tu, unayatoa nje pia ya ndani. Ukiandika leo jina la kampuni fulani ya Kitanzania, mara nyingi tovuti yao itafuatwa na mjadala wa JamiiForums, jukwaa lililoanza mwaka 2006, ambako mtu aliuliza zamani, "Wakuu, hawa jamaa wakoje, si matapeli?" Na kwa kuwa kurasa za Kiswahili ni chache, mjadala mmoja wa aina hiyo unaweza kuwa ndio wasifu wako wote. Wauzaji wetu wamezoea kufuta komenti na kumbloku mlalamikaji. Kwenye ukurasa wako unaweza. Kwenye uwanja wa watu wengine huwezi, na huko ndiko Google inakozidi kuangalia. Septemba 2022 iliweka sehemu maalumu ya mijadala kwenye matokeo ya utafutaji kwa Kiingereza nchini Marekani, na Februari 2024 ikatangaza makubaliano na Reddit, jukwaa la mijadala la Marekani, makubaliano ambayo Reuters iliyaripoti kuwa ya takriban dola milioni 60 kwa mwaka. Sababu wanayoitoa ni kwamba watu wanataka neno la mtu aliyetumia kitu.

Neno la mtu lina hatari zake. Mei 2024, majibu ya akili mnemba ya Google yalimshauri mtu achanganye gundi kwenye sosi ya piza ili jibini isichomoke. Chanzo kilikuwa mzaha wa mtu mmoja Reddit, ulioandikwa zaidi ya miaka kumi nyuma. Dunia ilicheka. Mfanyabiashara afikirie upande wa pili: mzaha kama huo, au uongo wa mshindani, ukiandikwa juu ya dawa zako za nywele na ukawa ndio maandishi pekee ya Kiswahili kuhusu dawa hizo, mashine itaokota nini? Kinga ninayoiona ni moja, nayo haina mbwembwe: kuwa na maneno yako mengi na ya kweli mahali pengi, na kumjibu mlalamikaji pale pale alipolalamika, kwa adabu, ukitaja ulichofanya. Msomaji wa miaka mitatu ijayo ataisoma ile hasira na lile jibu pamoja.

Wateja nao wana haki zao. Kuposti picha ya mteja anayefurahia bidhaa kulikuwa jambo la kawaida, maana ilizama jioni. Sasa inaweza kutokea mtu akitafutwa kwa jina. Kenya wamelishughulikia mapema. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliipiga klabu moja ya starehe ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Tanzania ina sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022. Saluni zinazoposti nyuso za wanaosukwa bila kuwauliza zingefaa kuisoma.

Baada ya kuusifu mlango huu, niseme na hili: funguo si zako. Desemba 2009 Google ilianza kuonyesha jumbe za Twitter papo kwa papo. Julai 2011 mkataba ukaisha, jumbe zikatoweka kwenye matokeo kama zilivyokuja. Mwaka 2015 wakapatana upya. Mwishoni mwa Juni 2023 Twitter ikadai kila msomaji aingie na akaunti, na kwa siku kadhaa mtambo wa Google nao ukakuta geti limefungwa. Mwenye biashara aliyejenga jina lake humo hakuulizwa lolote mara zote hizo. Instagram inaweza kufanya vivyo hivyo kesho asubuhi.

Kwetu kuna mikono mingine pia. Tangu Mei 2025 mtandao wa X, yaani ile Twitter ya zamani, haufunguki Tanzania bila VPN. Google haijui wala haijali hilo: inakuletea posti ya duka, unabonyeza, gurudumu linazunguka mpaka unakata tamaa. Uganda walifungiwa Facebook Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na muuzaji wa Kampala ambaye ukurasa wake wa Facebook ndio pekee unaotokea kwenye utafutaji ameweka kibao kinachoelekeza kwenye ukuta. Septemba 2025 leseni ya JamiiForums ilisimamishwa kwa siku 90. Na Oktoba 29 mwaka huo huo, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti Tanzania ilizimwa kwa siku kadhaa. Wenye maduka yanayoishi ndani ya simu walibaki na namba za wateja walizokuwa wameziandika kwenye daftari, kwa waliokuwa na daftari.

Washauri wa masoko hapa huwa na jibu moja: fungua tovuti. Sikubaliani nao moja kwa moja. Mama anayeuza vitenge Ilala akifungua tovuti atailipia mwaka mmoja, wa pili ataisahau, na wa tatu anwani ya tovuti hiyo itachukuliwa na mchezo wa kubahatisha wa mbali. Kwake yeye ukurasa wa biashara wa Google, ule unaotokea na ramani, unatosha kuwa mguu wa pili, nao ni bure. Lakini hospitali binafsi, shule, kampuni ya utalii ya Arusha, wauzaji wa viwanja, hao sielewi kwa nini bei zao na masharti yao yote yanaishi ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Wanazo hela za tovuti. Wanazitumia kusponsa.

Na WhatsApp? Wengi wanauza zaidi kwa status kuliko kwa kitu kingine chochote, na status haitafutiki popote. Inakufa baada ya saa 24 na inaonwa na waliokuhifadhi tu. Sioni tatizo. Hiyo ni baraza yako na watu wako. Kosa ni kuandika Instagram kama unavyoandika status, kwa watu wanaokujua tayari, wasiohitaji kuambiwa duka liko mtaa gani.

Fundi wangu alikuja siku ya pili, kwa bodaboda, mpira umeviringishwa begani kama nyoka. Akapima mlango kwa futi, akakata, akachemsha maji ya kulainishia pembe zake. Elfu 40, kwa sababu yangu ni ya milango miwili. Nikamuuliza nani alimfundisha kuandika matangazo yake vile.

"Hakuna, bosi. Zamani nilikuwa naandika njoo DM kama wenzangu. Watu wanapiga usiku wananiuliza bei, nikiwaambia wanakata. Nikaona niandike kila mtu aone, anayepiga awe anakuja kweli."

Nikamwambia nimempata Google. Akaacha kubonyeza mpira, akanitazama. Alidhani nimeelekezwa na jirani wa ghorofa ya chini.

"Google?" akasema. "Kwani wao wanalipisha shilingi ngapi?"